Kidonda cha Kinywa Kisidharauliwe

Kinywa ndicho mlango wa mwili. Asiyeweza kutafuna hawezi kushiba, na mtoto mwenye vidonda mdomoni hukataa hata maji. Hata hivyo, hapa Pemba maradhi ya kinywa yangali yakihesabiwa madogo, na mara nyingi mgonjwa hupelekwa hospitali pale tu dawa za nyumbani zinaposhindwa.

Siku hizi yamezuka mazungumzo kwamba vijidudu hai vyenye manufaa, viitwavyo probaiotiki, huponya vidonda vya kinywa. Fikra hiyo si ya kubezwa. Élie Metchnikoff, mtaalamu aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliyasifu maziwa yaliyoganda kwa ajili ya vijidudu vyake. Uchunguzi umeendelea, na baadhi ya matokeo yanatia moyo, lakini hayajatosha kuifanya probaiotiki ishike nafasi ya matibabu.

Kwa hiyo mtindi na unywewe kama chakula bora, si kama dawa ya kidonda. Na maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe. Mafuta ya karafuu nayo, ambayo ni fahari ya kisiwa chetu, hutuliza jino linalouma, lakini yakitiwa mdomoni bila ya kuzimuliwa huunguza nyama laini na kuzidisha kidonda.

Hatari kubwa zaidi imo katika tambuu. Wataalamu wa kimataifa wa saratani wamekwisha thibitisha kwamba popoo, hata pasipo tumbaku, huleta saratani ya kinywa. Kidonda kisichopona kwa muda wa wiki 2, hata kama hakiumi, ni lazima kionwe na daktari.

Lakini wananchi hawawezi kuambiwa waende kwa daktari ikiwa daktari yuko mbali nao. Tunaiomba Wizara ya Afya iwafunze wahudumu wa vituo vya afya vya vijijini kukagua vinywa, na madaktari wa meno wapangiwe siku maalumu za kuvitembelea vituo hivyo. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoko Wawi tangu mwaka 2000, nayo ingefaa ishirikishwe katika kuupima mtindi unaouzwa madukani na mitaani.

Haya si mambo ya gharama kubwa. Gharama kubwa ni kumsafirisha mgonjwa wa saratani kuvuka bahari wakati matumaini yamekwisha pungua. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.