Salamu Si Ushuru

Kila Mkenya anayehamia Dar es Salaam hupewa ushauri uleule kabla hata hajavuka mpaka wa Namanga: ukifika huko usiseme "nipe", sema "naomba". Mimi niliupata kwa shangazi yangu, kwa jirani, na kwa mwenzangu aliyenitangulia chuoni mwaka mmoja. Si ushauri mbaya. Ukiagiza kwa "nipe chai" katika mgahawa wa Sinza, mhudumu atakutazama mara mbili. Lakini huu ni mwaka wangu wa pili hapa, nasoma shahada ya uzamili, na ushauri huo umenichosha. Umetufundisha sisi wageni kwamba maneno ya adabu ni ufunguo, na kwamba kazi ya ufunguo ni kufungua mlango wa kile tunachokitaka.

Tusikilize tukiwa asubuhi barabarani. "Shikamoo mama, habari za asubuhi, naomba vitumbua viwili." Yote kwa pumzi moja. Mama hajaitikia marahaba na noti tayari iko mbele ya uso wake. Sarufi haina kasoro, na mwalimu wa Kiswahili angetoa alama zote. Ila hapo hakuna aliyezungumza na mwenzake. Ushuru umelipwa, geti limefunguliwa, mtu kapita. Mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na ninapokaa, Changanyikeni, aliwahi kuniambia huku akigeuza vitumbua vyake: "Nyie watu wa chuo mnasalimia kama mnadaiwa."

Chuoni tumeipa tabia hii jina la heshima. Tunaiita "kujenga ukaribu". Ukifika kwa mhojiwa, salimia, ulizia familia, kisha toa dodoso. Nimeshika mikononi mwongozo wa mahojiano uliotenga dakika tano za salamu, kama vile mtu anavyotenga nauli. Sasa niambie: katika dakika ya nne yule mama akisema mtoto wake ana homa tangu juzi, mtafiti afanye nini? Nimeona kinachofanyika. Mtafiti husema "pole sana", hufungua kalamu, na kuendelea na swali la kwanza. Mimi nauita huo udanganyifu. Watu wana desturi ya kuulizana kama wako salama, nasi tumeichukua tukaitia kwenye ndoana.

Najua utetezi wa wenzangu wa Nairobi: sisi ni watu wa mjini, hatuna muda, Watanzania wanazunguka mno. Siukubali. Nairobi hiyohiyo, mama mboga wa mtaani anajua nani hula sukuma na nani kachelewa kazini, na humwekea fungu lake hadi usiku. Hakuyajua hayo kwa miujiza. Wala Dar si kijiji. Panda daladala la Kariakoo saa kumi na mbili asubuhi uone kama kuna mwenye muda wa kuchezea. Hata hivyo, abiria aliyebanwa mlangoni ataambiwa "pole dada" na mtu asiyemjua. Haraka haijawahi kumzuia mtu kusikiliza. Kinachotuzuia ni kwamba tumeshaamua jibu halina kitu.

Na hapo ndipo tunapokosea kuielewa lugha yenyewe. Mtu akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo". Akiulizwa "habari za nyumbani?" hujibu "nzuri" au "salama", hata kama usiku kucha hakulala. Mgeni huyasikia hayo akadhani amejibiwa, au mbaya zaidi, akadhani watu ni wanafiki. Subiri kidogo. "Nzuri, ila maji yamekatika tangu Jumatatu." "Salama, ila mzee kalazwa." Jibu la kwanza ni la adabu, habari yenyewe huja baada ya "ila". Mgeni huwa ameshaondoka kabla ya "ila" kufika.

Kwa hiyo, ukitaka kuzungumza vizuri na watu wa mahali ulipohamia, weka pembeni orodha ya salamu ishirini na majibu yake. Isubiri "ila", kisha ibebe. Ukikutana na yule mtu kesho, swali lako la pili unalo tayari: "Mzee anaendeleaje?" Huhitaji lafudhi ya Kiunguja kuuliza hilo. Na wewe pia toa "ila" yako. Wageni tumezoea kujificha nyuma ya "poa", kisha tunalalamika kwamba wenyeji hawatuzoei. Watakuzoeaje wakati hawana cha kukuulizia?

Jifunze pia neno "bado". Utaulizwa kwenu ni wapi, umeolewa, una watoto. Mwenye elimu yake hukunja uso na kujibu "hapana", akiona faragha yake imeingiliwa. "Hapana" hufunga maongezi. "Bado" hailazimiki kuwa ahadi ya ndoa kwa mtu yeyote. Humwachia muulizaji nafasi ya kucheka, kukuombea, au kukusimulia ya binti yake. Mara nyingi anayeuliza anatafuta tu mahali pa kukuweka, akuite dada au mama fulani.

Simaanishi kila salamu ni deni. Mimi ni mwanamke, natembea kwa miguu, na "mambo mrembo" inayonifuata hatua thelathini kutoka kijiwe cha bodaboda siijibu wala sitaijibu. Anayenisalimia namna ile hasubiri kusikia habari zangu, ana anachokitaka. Kosa lake ni lilelile la mwenye dodoso, ila yeye hakupewa mwongozo wa kurasa kumi wa kulipamba.

Kipimo ninachokipendekeza ni chepesi. Mtazame mlinzi wa geti la hosteli yenu. Hakuuzii kitu, hatajaza dodoso lako, hatakupunguzia bei. Analala mchana na kukesha usiku ili wewe ulale. Unajua kwao ni wapi? Unajua kama wiki hii ilikuwa njema au ilikuwa na "ila"? Kama hujui, basi adabu yako yote ya "naomba" na "shikamoo" ni ya sokoni.

Na wenzangu mnaojiandaa kwenda uwandani: nendeni kwanza siku ambayo hamna dodoso mkobani. Kaeni. Mkikaribishwa chai, nyweni. Mkiulizwa mmekuja kufanya nini, semeni mmekuja kusalimia, na siku hiyo iwe kweli.