Plasta Ikiisha Kuondolewa

Mji wetu wa Kisangani wayajua sana maumivu ya viungo. Katika vita vya siku sita baina ya majeshi ya Rwanda na Uganda, tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, mabomu yaliua mamia ya raia na kuwaacha wengine na vilema. Siku hizi pikipiki nazo huvunja miguu ya vijana wetu. Plasta ikiisha kuondolewa, jamaa hushangilia: “Amepona!” Kumbe ndiyo kwanza kazi yaanza.

Mguu uliofungwa majuma mengi hutoka umekonda, na goti limekakamaa. Msiogope: msuli usiofanya kazi hupungua, na kiungo kisichokunjwa hukaza. Siku ya kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo atauliza habari za ajali, atapima goti lakunjika hadi wapi, kisha atafundisha mazoezi machache. Wengine hurudi wakinung'unika kwamba hawakupewa dawa. Mazoezi hayo ndiyo dawa yenyewe, nayo hufanywa nyumbani kila siku.

Maumivu yatakuwapo. Maumivu ya kadiri yanayotulia baada ya kupumzika si hatari. Lakini shavu la mguu likivimba ghafula na kuuma, au mgonjwa akikosa pumzi, nendeni hospitalini saa ile ile. Wala msimruhusu mtu aukande kwa nguvu mguu ambao mfupa wake haujaunga.

Mwenye fimbo moja aishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Akipanda ngazi, mguu mzima utangulie; akishuka, itangulie fimbo pamoja na mguu mgonjwa.

Nanyi jamaa, huruma yenu isigeuke pingu. Mkimletea baba kila kitu kitandani muda wa miezi mitatu, mmemfundisha kulala. Mwacheni ajiendee polepole, ninyi mkiwa karibu. Mvuvi wa Wagenia harudi juu ya maporomoko siku aondokapo kitandani: huanza uani, kisha njiani, kisha ukingoni mwa mto. Pengine majuma yatapita bila badiliko la kuonekana; hapo ndipo wengi huacha, na goti hubaki gumu maisha.

Wazee walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi twaongeza: ambaye guu limekwisha kuvunjika, na asikie la mtaalamu, wala asiache mazoezi kabla ya kuruhusiwa.