Sekunde moja iliyobakia

Sisi Wakongo, mutu akitaja ubingwa wa dunia wa uzito mukubwa, tunakumbuka Kinshasa 1974, Ali na Foreman. Jina la Siarhei Liakhovich ni wachache wanalijua. Huyu ni mutoto wa Vitebsk, kule Belarusi. Alifika Olimpiki ya Atlanta 1996, akapata medali ya shaba ya dunia 1997, na 1999 akaanza kupigana kwa kulipwa. Maisha yake ya kazi yalikuwa Marekani.

Tarehe 1 Aprili 2006, mjini Cleveland, alikutana na Lamon Brewster, mwenye mukanda wa WBO. Karibu miezi 16 alikuwa hajapanda ulingoni. Raundi ya 7 akapiga goti chini. Akasimama, akaendelea mupaka raundi ya 12, na majaji wote watatu wakamupa ushindi. Mbelarusi wa kwanza kushika mukanda wa uzito mukubwa! Brewster naye alitoka na jicho la kushoto limeumia, ikabidi apasuliwe. Hiyo pia ni ajali ya kazi.

Ilidumu miezi 7 tu. Tarehe 4 Novemba, Phoenix, alikuwa anaongoza kwa pointi mbele ya Shannon Briggs. Raundi ya mwisho Briggs akamupiga hata akaanguka inje ya kamba, imebaki sekunde moja. Moja!

Hapo sifa zikaisha. Miaka iliyofuata Valuev, Helenius na Jennings walimushinda. Agosti 2013, Indio, jimbo la California, Deontay Wilder alimulalisha chini raundi ya kwanza, mwili ukawa unatetemeka. Alikuwa na miaka 37. Leo wengi wanamujua kwa ile video tu, na hiyo inatuuma.

Sisi wa sendika tunasema: mupiganaji ni mufanyakazi. Anauza mwili wake, promota anauza tiketi. Kila pambano ni kontra mupya, sawa jurnalie wa mugodi: siku asipoitwa, hakuna kula. Marekani iko na sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali, juu ya kontra za uonevu. Pensheni haimo. California iliweka mufuko wa pensheni ya wapiganaji tangu miaka ya 1980, lakini ni wa yule aliyepigana raundi nyingi ndani ya jimbo hilo, na miaka 50 itimie kwanza. Mutu wa Vitebsk aliyepigana Cleveland, Phoenix, Nuremberg, atahesabiwa wapi?

Tena WBO na vyama vingine vya mikanda vinakata asilimia kwenye malipo ya pambano la ubingwa. Basi pesa ipo. Sehemu yake iende kwenye matibabu ya kichwa na macho, na kwenye pensheni ambayo mupiganaji anahama nayo kutoka inchi hata inchi, vile tunavyodai kwa mufanyakazi wa mugodi anayebadilisha kampuni.