Mwenye mradi ndiye chanzo cha hasara nyingi za ujenzi

BARABARA kuu ya Thika ilipozinduliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 9, 2012, Wakenya wengi walivutiwa na upana wake na madaraja yake. Ni wachache waliouliza jinsi mikataba ya ujenzi huo ilivyosimamiwa, ilhali hapo ndipo palipokuwa na jibu la maswali mawili yaliyosumbua umma: mbona gharama ilipanda, na mbona kazi ilichelewa?

Ujenzi ulianza mapema mwaka wa 2009 ukitarajiwa kukamilika katikati ya mwaka wa 2011. Barabara hiyo ya takriban kilomita 50 iligawanywa katika sehemu tatu. Kampuni ya China Wu Yi ilipewa sehemu ya jijini Nairobi hadi Muthaiga, Shengli ikachukua Muthaiga hadi Chuo Kikuu cha Kenyatta, nayo Sinohydro ikajenga kutoka hapo kupitia Ruiru na Juja hadi Thika. Fedha zilitolewa na Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), Benki ya Exim ya China na serikali ya Kenya.

Gharama iliyokuwa imekadiriwa kuwa takriban Sh27 bilioni ilipanda na kupita Sh30 bilioni. Muda nao uliongezwa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Mambo kama haya yanapotokea, kidole huelekezwa kwa mkandarasi. Lakini katika barabara ya Thika, kazi ilitatizwa pia na nguzo za umeme, mabomba ya maji na majengo yaliyosimama katika ardhi ya barabara. Kuviondoa vitu hivyo njiani si jukumu la anayemwaga lami. Kwa kawaida ni jukumu la mwenye mradi, ambaye hapa alikuwa serikali.

Huo ndio ukweli ambao wenye miradi, wakubwa kwa wadogo, hawapendi kuusikia. Mkataba wa ujenzi humlinda yule anayetimiza wajibu wake kwa wakati na kuweka kumbukumbu kwa maandishi. Mwenye mradi asipokabidhi uwanja ulio tayari, akibadilisha michoro kila mara, au akichelewa kulipa, mkataba ule ule aliodhani ni ngao yake humgeukia. Mkandarasi hupata haki ya kuongezewa muda, na mara nyingi pesa pia.

Ndiyo maana mikataba mikubwa huwa na msimamizi. Katika masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri ambalo masharti yake hutumiwa katika miradi mingi inayofadhiliwa na benki za maendeleo, kazi hiyo hufanywa na mhandisi. Katika majengo ya kawaida nchini Kenya hufanywa na msanifu akisaidiwa na mkadiriaji wa gharama.

Nafasi hiyo ni ngumu. Msimamizi hulipwa na mwenye mradi, lakini anatakiwa kuamua kwa haki baina ya pande mbili. Kila mwezi hupima kazi iliyofanyika, hukagua ubora wake, kisha hutoa hati inayosema mkandarasi alipwe kiasi gani. Sehemu ya malipo huzuiliwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kimalizike, ili mjenzi asitoweke akiacha paa linalovuja.

Masharti hayo hayana huruma kwa mzembe wa upande wowote. Katika toleo la FIDIC la mwaka wa 1999, mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada hana budi kutoa ilani katika muda wa siku 28 tangu alipolijua tatizo, la sivyo hupoteza dai lake. Mwenye mradi naye anatakiwa kulipa hati ya kila mwezi katika muda wa siku 56 tangu mhandisi alipopokea hesabu za mkandarasi. Asipolipa, riba huanza kuhesabika.

Bunge la Kenya nalo limejaribu kufunga mianya. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015 inakataza bei ya mkataba kupandishwa kabla ya miezi 12 kupita tangu utiwe saini. Aidha, mabadiliko yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuongeza bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25.

Hata hivyo, sheria hiyo humbana afisa anayetaka kuongeza bei, bali haimpi pesa za kulipa hati zilizokwisha kuidhinishwa. Wakandarasi wengi wa barabara waliondoka kwenye kazi zao kwa sababu hati zilikaa maofisini bila kulipwa. Mwaka wa 2025 serikali ililazimika kutumia sehemu ya ushuru wa mafuta, Sh7 kati ya Sh25 zinazotozwa kwa kila lita, kama dhamana ya kukusanya takriban Sh175 bilioni ili kupunguza madeni hayo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Dereva wa matatu anayetia petroli Ruiru hakutia saini mkataba wowote wa barabara, lakini ni miongoni mwa wanaolipia uchelewaji huo.

Barabara ya Thika ilileta pia aina nyingine ya ujenzi. Sensa ya mwaka wa 2009 ilionyesha kuwa mji wa Ruiru ulikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia sensa ya mwaka wa 2019, idadi hiyo ilikuwa imepita 490,000. Mji wa Thika nao ulikuwa na zaidi ya 250,000. Mashamba ya kahawa yaligawanywa kuwa ploti, na kwenye ploti hizo yakachipuka majumba ya kupangisha.

Wengi wa wanaojenga majumba hayo si serikali wala mashirika. Ni walimu, wafanyabiashara na wastaafu waliokopa kwenye chama cha akiba na mikopo. Hawana mhandisi mshauri. Aghalabu huwa na fundi, ramani iliyonakiliwa kwa jirani, na maelewano ya mdomo.

Chukua mfano wa mtu aliyekubaliana na fundi amjengee kwa Sh4 milioni. Fundi anaomba nusu ya pesa aanze kazi, naye anampa. Jengo linapofika robo, mwenye ploti anaona afadhali aongeze vyumba viwili. Hakuna anayeandika bei ya vyumba hivyo. Miezi mitatu baadaye pesa zimeisha, kuta ziko kwenye linta, na kila mmoja anaamini kwa dhati kuwa mwenzake ni mwizi. Huenda hakuna mwizi hapo. Kilichokosekana ni kipimo cha kazi kabla ya malipo, na karatasi ya kuonyesha mabadiliko. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hasara ya pesa ni afadhali. Mnamo Aprili 29, 2016 jengo la makazi liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Jengo hilo lilikuwa limejengwa kando ya mto bila idhini. Katika mradi unaosimamiwa ipasavyo, vyuma vya nguzo hukaguliwa kabla ya zege kumwagwa, kwa kuwa baada ya hapo havionekani tena. Kazi isiyokaguliwa haipati hati, na isiyo na hati hailipwi. Kwa hivyo hati ya malipo ni kinga ya uhai kama ilivyo kinga ya mfuko.

Mwenye jengo anayemkwepa mkaguzi ili aongeze ghorofa moja bila idhini amejiondolea kinga hiyo mwenyewe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, husajili wakandarasi na miradi, nayo serikali ya Kaunti ya Kiambu ndiyo hutoa idhini ya ujenzi Thika na Ruiru. Lakini hakuna mkaguzi anayeweza kulala kwenye kila ploti.

Wapo watakaosema kuwa ada za wataalamu ni mzigo kwa mtu wa kipato cha wastani. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa nyumba ndogo ya familia. Lakini jumba la ghorofa si nyumba ndogo, na ada ya mhandisi ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kubomoa na kujenga upya.

Kwa anayejenga nyumba ya kawaida, mambo manne yanaweza kumwokoa. Kwanza, makubaliano yaandikwe na kutiwa saini, yakiwa na bei na muda. Pili, malipo yagawanywe kwa hatua, msingi, kuta, paa na umaliziaji, na kila hatua ilipwe baada ya kukaguliwa na mtu asiye na maslahi kwa fundi. Tatu, badiliko lolote liandikiwe bei kabla ya kufanywa. Nne, sehemu ya malipo ibaki hadi nyumba ipitiwe na msimu wa mvua.

Maandishi hayo humfaa fundi pia. Mafundi wengi hunyimwa malipo ya mwisho na wenye nyumba wanaodai kazi haikuwa nzuri. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, lakini hakimu huhitaji ushahidi, na karatasi iliyotiwa saini ina nguvu kuliko kumbukumbu za watu wawili waliokosana.

Suala hili linamgusa hata asiyemiliki ploti. Tangu Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka wa 2024 ipitishwe, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kugharimia nyumba hizo, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho. Kila mwenye hati ya mshahara sasa ni mwenye mradi kwa kiasi fulani.

Ana haki ya kuuliza maswali ambayo wachache waliyauliza barabara ya Thika ilipokuwa ikijengwa: uwanja ulikabidhiwa ukiwa tayari? Mabadiliko yaliidhinishwa na nani, na kwa bei gani? Hati za malipo zililipwa lini? Majibu yake yakiwekwa wazi kila mwezi kazi inapoendelea, makosa yatarekebishwa yakiwa bado madogo. Yakingojewa hadi siku ya kukata utepe, yatakuwa yamekwisha kulipiwa.