Kesi ya ngedere kwenye gereji ya waranti

Na Zuhura Mwakio | Safu ya JICHO LA MNUNUZI

Mkenya anayenunua gari jipya ni wa kuhesabika. Wengi wetu tunaendesha magari ya mtumba kutoka Japani, yale ambayo sheria hairuhusu yapitishe miaka minane yanapoingia nchini, na tunajua mapema kwamba yakiharibika ni sisi na fundi wetu wa Kirinyaga Road. Anayekubali kulipa mara mbili au zaidi ili aendeshe gari la kilomita sufuri hanunui rangi inayong'aa. Ananunua usingizi: waranti ya miaka mitatu, tuseme, au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia.

Basi gari hilo likianza kugonga mbele kushoto kila likipanda tuta, unalirudisha lilikotoka. Langu lilifanya hivyo. Dada wa mapokezi, mpole kweli, alinipa kahawa, akajaza karatasi ya kazi: "Mteja anadai anasikia sauti." Jioni nikakabidhiwa gari limeoshwa likatakata, na chini ya karatasi ile pameandikwa: "Hakuna kasoro iliyoonekana." Nikauliza walilijaribia wapi. Fundi alizunguka nalo uani. Ua wao una lami laini kama meza ya mapokezi, na tuta hakuna. Niliporudi tena waliisikia sauti, ila sasa nikaambiwa hizo ni bushi, bushi huchakaa, na vitu vya kuchakaa havimo kwenye waranti. Gari halikuwa limemaliza mwaka.

Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Anayeamua kama kosa ni la kiwanda au la dereva ni yule yule atakayebeba hasara akisema ni la kiwanda. Siwalaumu mafundi. Kazi ya waranti hulipwa na mtengenezaji, kwa saa alizopanga yeye, mara nyingi kwa bei ya chini ya ile anayotozwa mteja wa kawaida. Kipuri nacho husubiri idhini, kisha kisubiri meli. Ungekuwa wewe meneja, ungetanguliza gari gani kwenye jeki: la anayelipa leo, au la waranti?

Na gari likiwa limelala pale, siku za waranti zinaendelea kukatwa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Likikaa kwao miezi miwili, miezi hiyo imetoka kwenye miaka yako mitatu, nawe umepanda matatu muda wote huo huku mkopo wa benki ukiulipa bila kukosa. Ukichoka na danadana, ukampa fundi wa mtaani akubadilishie oili tu, unaambiwa umevunja masharti.

Afrika Kusini walikataa mchezo huo. Miongozo ya Tume yao ya Ushindani, iliyoanza kutumika Julai 2021, inamruhusu mwenye gari kulifanyia sevisi kwenye gereji huru bila kupoteza waranti.

Sisi tuna Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Tuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na inatakiwa iamue ndani ya siku 60. Lakini huko huendi na hasira, unakwenda na karatasi. Kwa hiyo usiondoke gereji bila nakala ya karatasi ya kazi yenye tarehe, kilomita na malalamiko yako kwa maneno yako. Panda gari na fundi, mpite matutani pamoja. Wakikataa kutengeneza, waandike sababu na watie sahihi. Utashangaa bushi zinavyoanza kuonekana.

Mamlaka yetu ya Ushindani nayo iwabane wauzaji wote kwa sharti moja: siku ambazo gari liko mikononi mwao zirudishwe kwenye waranti. Watalia kwamba gharama zitapanda. Gharama gani, na siku hizo tulikwisha kuzilipia?