Wokovu Uonekane Nyumbani

Wahenga na wahenguzi walilonga kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi wa shule za kutwa twaijua vizuri methali hiyo. Hata tuimbe na kutoa machozi katika mkutano wa C.U., jioni lazima turudi nyumbani, na huko hakuna wa kudanganywa. Mama anajua nani amerudisha chenji ya sukari na nani ameila.

Hoja yangu ni kwamba kushika dini ni jambo moja na kugeuka moyo ni jingine. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga. Katekisimu tuliikariri kama jedwali la kuzidisha, tukapata kipaimara, picha zikapigwa, wali ukaliwa. Sisemi hayo ni bure, la hasha! Lakini mtu aweza kupata A katika somo la C.R.E. na moyo wake usiguswe hata kidogo.

Tutazame historia. Mwaka wa 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, katika kilima cha Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Daktari alikuwa mmishenari katika hospitali ya Gahini, Rwanda! Hata hivyo waliona wamepungukiwa, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho ukawaka Rwanda na Uganda, na mwaka wa 1937 ukafika Kabete, hapa kwetu Kenya. Waliotubu wengi walikuwa watu wa kanisa. Walikiri hadharani, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani. Tena hawakuishia siku hiyo moja. Walizidi kukutana na kuambiana ukweli wa maisha yao, jambo waliloliita kutembea nuruni. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, wengi wao huko Kikuyuni walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Dini ya kukariri ingewafikisha hapo kweli?

Siku hizi twaokoka upesi mno. Mhubiri akiita, foleni yafika mlangoni. Jumatatu vitabu vya maktaba bado havijarudi. Wako wanaonijibu kuwa vitabu ni mambo ya nidhamu, eti wokovu ni wa moyoni na hauonekani. Haya, na Zakayo je? Alipoahidi kurudisha mara nne, si moyo wake ulionekana mfukoni?

Namjua msichana mmoja ambaye hakulia wala kuanguka chini siku ya mkutano. Wiki iliyofuata alimlipa mama wa mandazi pale langoni shilingi arobaini, deni la tangu kidato cha kwanza. Yule mama alikuwa ameshalisahau. Mimi namhesabu huyo miongoni mwa waliookoka, hata kama jina lake halimo katika daftari la katibu.

Kwa hivyo nawaomba viongozi wa C.U., kabla ya mkutano wa muhula ujao, waweke sanduku kubwa mlangoni mwa maktaba. Wasimsimamie mtu, na wasiandike majina.