Kutoka Ndia Kuu Hadi Pango la Shimoni

Ukikaribishwa katika nyumba ya kale ya mawe pale Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, inua macho utazame dari. Utaona boriti za mikoko. Hizo ndizo zilizoamua upana wa chumba, kwani mkoko haustahimili uzito wa mawe na chokaa ukizidi mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Kuta za matumbawe ni nene, na ndani mna ubaridi hata jua la kaskazi likiwaka.

Usasa wa Ulaya ulikuja na ahadi nyingine: saruji, chuma na kioo, nyumba bora kwa kila mtu popote duniani. Mmoja wa walioueneza ni Ernst May, Mjerumani aliyesimamia ujenzi wa jiji la Frankfurt kuanzia 1925 hadi 1930. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha, kisha akarejea kwenye usanifu. Hapa Mombasa alichora Hoteli ya Oceanic. Waafrika nao aliwabunia kibanda cha vipande vya saruji vya kutungika, chenye umbo la tao. Ahadi ilikuwa moja, lakini wenye nacho walichorewa hoteli na wenyeji kibanda!

Siku hizi wako Wakenya wanaoihoji ahadi hiyo. Stella Mutegi na Kabage Karanja, wasanifu wa Nairobi, walianzisha Cave_bureau mwaka 2014, na kazi yao kubwa ni kupima mapango. Usicheke, si pango lile unalodaiwa kila mwisho wa mwezi. Wanasema historia ya ujenzi ianzie kwenye makao ya kwanza ya binadamu, si Ulaya. Wamelipima pango la Shimoni, kusini mwa Mombasa, ambamo inasimuliwa watumwa walifungiwa kabla ya kuvushwa bahari. Mwaka 2021, katika maonyesho ya usanifu ya Venice, walitundika vipande vya kioo cheusi cha volkano kwa umbo la dari ya pango la Mbai, maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 2025 walikuwa miongoni mwa walioandaa banda la Uingereza huko huko, likavishwa pazia la shanga. Banda la mkoloni, waama!

Hata hivyo, pango halimpi mtu makao. Familia iliyosongamana katika chumba kimoja pale Majengo bado inaihitaji ile nyumba bora ya akina May, na sioni ubaya wa kuidai. Ninachouliza ni kwa kipimo gani. Nanyi wanafunzi wa usanifu, mnapochora ghorofa la vioo pale Kizingo, madirisha yakitazama jua la alasiri, umeme wa kiyoyozi ataulipa nani? Mpangaji, tena juu ya pango.